Msinipeleke na Basi

Baba yangu aliandika wosia wake nyuma ya daftari la dizeli. Kurasa za mbele ni hesabu tupu: tarehe, lita, kilomita, jina la mtu aliyekodi basi. Ukurasa wa mwisho, kwa kalamu ile ile ya bluu, kuna mistari mitatu. Nikifa nichomwe. Msikope pesa. Msinipeleke na basi. Chini ameweka sahihi na namba ya kitambulisho, kama mtu anayejaza fomu ya benki.

Nililipata siku ya pili baada ya kifo chake, nikitafuta kadi ya hospitali. Nikalisoma mara tatu nimesimama. Kisha nikafanya kosa la kwanza: nililipiga picha nikatuma kwenye grupu ya WhatsApp ya familia kabla hata sijamwonyesha Mama.

Dakika kumi simu ya Baba Mdogo ikaingia kutoka Wundanyi. Hakusalimia. "Hiyo kitu ifute," akasema.

Miaka kumi na tisa Baba aliendesha mabasi ya kukodi hapa Nairobi. Katikati ya wiki shule na kwaya za kanisa, Ijumaa usiku na Jumamosi mazishi. Alijua Kenya kwa makaburi yake. Alijua wapi barabara inakatika kabla ya boma, wapi watu hukaa siku tatu wakila kabla ya kuzika, wapi mjane hukabidhiwa bili ya tenti siku ya Jumatatu. Akirudi Jumapili alikuwa anavua viatu mlangoni, anasema kidogo tu. "Leo wameuza ng'ombe wawili kumlipia aliyekufa jeneza la kioo." Halafu analala. Kwa hiyo mistari mitatu haikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba hakuwahi kuisema kwa mdomo, hata ile miezi minane ya saratani ya koo, wakati sauti ilikuwa bado ipo.

Kiswahili hakikutusaidia. Neno ni kuchoma. Nyama tunachoma, taka tunachoma, na mwizi akishikwa River Road anachomwa. Magazeti huandika kuteketezwa, lakini hilo nalo ni neno la soko lililoshika moto. Nilipompigia Nyanya kumweleza, nilijaribu kila njia ya kuzunguka hilo neno na hakuna iliyofika. Alininyamazia muda mrefu, nikasikia kuku wake. Kisha akauliza, "Mwanangu aliiba nini?"

Mkutano wa kwanza wa kamati ulifanyika kwetu sebuleni, Umoja. Baba Mdogo alikuwa amesafiri usiku kucha. Ni mzee wa kanisa la ACK, mtu mpole kwa kawaida, lakini siku hiyo alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayetaka kuondoka. Alisema mwanamume wa Taita anarudi Taita. Alisema akina Wangari Maathai na Bob Collymore walikuwa wakubwa, hiyo ni mambo ya wasomi na matajiri. Akanigeukia. "Na wewe msichana, chuo chenyewe hukumaliza, ndiyo utuletee elimu ya kuchoma watu?"

Ni kweli sikumaliza. Niliacha mwaka wa tatu, karo ilipogeuka kuwa dawa. Watu wote pale sebuleni walijua hivyo, na kwa sekunde kama tano hakuna aliyeangalia upande wangu. Mama ndiye aliyejibu. "Shemeji, mwandiko ni wa ndugu yako. Mimi naujua. Sijapenda alichoandika, lakini naujua."

Usiku huo sikulala, nikasoma. Nilitaka karatasi moja ya serikali inayosema wosia wa maiti lazima ufuatwe. Haipo. Korti zetu zimesema mara nyingi kwamba mwili wa marehemu si mali ya mtu, na kwamba matakwa yake kuhusu kuzikwa yanapaswa kuheshimiwa inapowezekana, lakini hayafungi mtu kisheria. Kila Mkenya wa umri wa wazazi wetu anaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika kwenye shamba lao huku karibu na Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukataka Siaya. Walibishana miezi mitano mwili ukiwa mochari, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya, alikotaka ukoo. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alipofariki Julai 2019, familia yake ya hapa ilimchoma Kariokor huku watu wa Homa Bay wakimngoja wamzike nyumbani. Kwa hiyo nilielewa kitu kimoja saa tisa za usiku: yule daftari halina meno. Baba Mdogo akienda kortini kuomba zuio, tungekaa tunalipia mochari kila siku mpaka pesa za mchango ziishe, na ule mstari wa pili ungekuwa umevunjwa kabla ya wa kwanza.

Kwa hiyo ilibidi tukubaliane. Hakukuwa na njia nyingine.

Kilichomlegeza Baba Mdogo hakikuwa Wangari Maathai wala hesabu yangu ya gharama, ingawa niliiandika vizuri sana: basi la kwenda na kurudi, gari la maiti, tenti, chakula cha siku mbili, kuchimba na kusimiti. Alikuwa askofu. Manasses Kuria, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Anglikana Kenya, alipofariki mwaka 2005 alichomwa, na kabla yake mkewe Mary pia. Baba Mdogo alikuwa ameusahau huo mkasa, au aliusukuma mahali. Alikaa kimya, akafuta miwani. "Kuria alichomwa," akasema, si kwa swali. Halafu akatoa sharti lake: majivu yaende Taita, yote, yazikwe ardhini kando ya babu yangu. Hakuna kumwaga kwenye mto, hakuna kumweka mtu juu ya kabati Nairobi.

Sasa Mama ndiye aliyekataa. Alitaka abaki na kidogo. Kijiko, alisema. Kijiko kimoja tu.

Mama ni Mkatoliki wa Machakos. Kanisa lake liliruhusu kuchoma mwili tangu 1963, hilo padre alimweleza bila shida. Lakini mwaka 2016 Vatikani ilitoa maagizo mengine: majivu yawekwe mahali patakatifu kama makaburini, yasimwagwe, yasigawanywe kati ya jamaa, na yasiwekwe nyumbani ila kwa sababu nzito sana. Padre alimsomea kwa upole. Mama alirudi nyumbani akapika ugali ambao hakuna aliyeula. Sikumwambia kitu. Mimi ningempa hicho kijiko hata leo.

Mambo mengine yalikuwa ya haraka. Kibali cha mazishi, nakala ya kitambulisho chake na cha Mama, barua ya kukubali iliyowekwa sahihi na jamaa wa karibu, bili ya hospitali, bili ya mochari, tarehe ya Kariokor. Pale ni kwa Wahindu lakini wanawapokea wa dini nyingine pia. Waislamu hawachomi kabisa, na rafiki wa Baba aliyekuwa utingo wake, Mwislamu wa Eastleigh, alikuja hadi getini akasimama nje kwa heshima. Alisema hawezi kuingia kuona hilo, na pia hawezi kukosa kuja.

Kilichotuchelewesha ni vitu vidogo ambavyo hakuna mtu hukuambia. Jeneza, kwa mfano. Mafundi wa majeneza wanataka kukuuzia vishikio vya chuma, dirisha la kioo, kitambaa cha nailoni kinachong'aa. Kwa moto hivyo vyote ni takataka. Tulimwomba fundi sanduku la mbao nyepesi bila kitu juu, akatuangalia kama tunamchukia marehemu. Nilimwambia Wangari Maathai aliacha neno kwamba asizikwe na jeneza la mbao, na mwaka 2011 likasukwa la mwanzi, mafunjo na gugu-maji. Akasema, "Huyo alikuwa na Nobel," akaendelea kupiga randa.

Nguo pia. Tuliambiwa pamba tu, hakuna mshipi, hakuna viatu vya ngozi wala raba. Mama alikuwa amepiga rangi viatu vyake vyeusi tangu asubuhi, vile vya harusi za watu. Akavirudisha kwenye mfuko. Baba alienda na soksi.

Halafu wakauliza kama ana kitu chochote mwilini. Kidude cha kusukuma moyo ni lazima kitolewe kabla, kwa sababu betri yake hulipuka ndani ya moto. Hakuwa nacho. Lakini mwaka 2009 lori lilimgonga Mombasa Road na mguu wa kushoto ukawekwa chuma chenye skrubu sita. Hicho kinaweza kubaki, tuliambiwa, moto haukiyeyushi. Mtakikuta.

Sitaelezea siku yenyewe. Tulisali, Baba Mdogo akaimba kwa Kidawida akiwa peke yake maana wengine hatukuyajua maneno, na mdogo wangu akatoka nje kabla mlango haujafungwa. Kwenye tanuri za kisasa joto hufika digrii 800 hadi 1,000, na mwili wa mtu mzima huchukua kati ya saa moja na nusu na saa tatu. Nilizijua hizo namba kabla ya kwenda, nikidhani zitanisaidia.

Basi tuje kwa chombo, maana hapo ndipo nilipoharibu.

Nyumbani hatukuwa na jina lake. Mdogo wangu aliita mkebe, Mama aliita kile kitu, Nyanya kwenye simu aliuliza kama kibuyu kimepatikana. Madukani kuna vya shaba vilivyochorwa maua, vizuri, vizito, na bei yake inakufanya urudishe mkono polepole. Mimi nilijitolea kutafuta. Nilikuwa nimeshindwa kuchangia pesa ya maana, kazi za kuandika hulipa zikitaka, kwa hiyo nikasema hiki nitakilipia mimi. Siku mbili kabla nilizunguka Soko la Kariokor, katikati ya viondo na sandali, nikapata mtungi wa mawe ya Kisii, mweupe wenye mshipa wa waridi, kifuniko kinaingia vizuri. Elfu mbili mia tano, nikashusha hadi elfu moja mia nane. Nilifurahi. Niliubeba kwenye mat nimeupakata.

Nilipima kwa macho, na macho yangu yalimpima mtu wa mwisho niliyemwona. Baba aliugua akiwa kilo 92. Alikufa akiwa 54. Niliwaza: mtu mdogo, mtungi mdogo.

Lakini moto haupimi nyama. Nyama, mafuta na maji huondoka vyote, kinachobaki ni mifupa, na mifupa haikondi kama sisi tunavyokonda. Baba alikuwa futi sita. Tulipewa mfuko, ndani yake kitu cha kijivu cheupe, si laini kama majivu ya jikoni. Kina vipande kama changarawe, vingine unavijua ni nini na unaangalia pembeni. Mdogo wangu alipima kwa ile mizani ya kuning'iniza mizigo ya ndege: kilo 2.6. Baadaye nilisoma kwamba hiyo ni kawaida, mtu mzima hubaki kilo mbili hadi tatu, na chombo chake kinahitaji kuwa na nafasi ya lita tatu na kitu. Mtungi wangu ulikuwa wa lita moja na nusu, labda.

Niligundua nikiwa naumimina. Sebuleni, gazeti chini, Mama ameshika tochi ya simu kwa sababu stima ilikuwa imepotea. Mtungi ulijaa na mfuko ulikuwa bado mzito mkononi mwangu.

"Kuna nini?" Mama akauliza.

"Haitoshi."

Hakuna aliyecheka wala kunilaumu. Ilibidi nirudishe yote kwenye mfuko, kidogo kidogo, na kufuta ndani ya mtungi kwa kidole. Nilinawa mikono kwenye beseni, na yale maji nikashindwa kuyamwaga kwenye choo. Niliyapeleka chini usiku nikamwagia mti wa mwarobaini ulio kando ya geti la ploti. Mama hajui. Au anajua.

Kesho yake nilienda kwa fundi wa viti hapo mtaani nikiwa na vipimo vilivyoandikwa safari hii: ndani sentimita 15 kwa 15, kimo 16, hiyo ni lita tatu na nusu na zaidi. Msaipras, skrubu, si misumari, kifuniko cha kufunga kabisa. Hakuuliza ni cha nini mpaka alipomaliza kupiga msasa. Nilipomwambia, akakirudisha kwenye meza akapiga msasa tena. Alinitoza pesa ya mbao tu.

Ukiniuliza leo, ningesema anza na mwisho. Kama majivu yatazikwa, mbao au udongo unatosha, kitaoza naye. Kama yatakaa mahali miaka, hapo ndipo jiwe na shaba vina maana. Kama yatasafiri, angalia kifuniko kwanza na uzuri baadaye, na kama ni kwa ndege ujue mashine lazima ione ndani, chuma kizito kitakurudisha. Mimi nilianza na uzuri.

Basi tulilikataa, kama alivyotaka. Tukapanda treni.

Pale Syokimau kabla ya kupanda mnapanga mizigo chini kwa mstari, mnasimama nyuma, na mbwa wanapita wakinusa. Nilikuwa nimeweka sanduku kwenye begi langu la mgongoni, lile la chuo, na karatasi zake kwenye bahasha juu. Mbwa alipita begi langu, akarudi, akasimama. Moyo wangu ulienda. Askari akauliza, "Madam, humu ndani kuna nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema mabaki ya marehemu, kwa Kiswahili cha redio. Nikasema, "Ni baba."

Alisoma cheti cha kuchomwa, akasoma kibali, akatazama begi. Akamvuta mbwa taratibu. "Poleni. Mfike salama." Baba Mdogo, ambaye hadi hapo alikuwa amekaa mbali na lile begi kama lina nyoka, alilichukua kutoka sakafuni akalibeba yeye. Hakuliachilia hadi Voi. Alipata kiti cha dirishani, akaligeuza kidogo lielekee nje, upande wa Tsavo.

Pale Voi kondakta wa matatu ya Wundanyi alitaka kulirusha kwenye keria pamoja na magunia. Baba Mdogo alimlipia nauli. Kiti kizima.

Nyanya alikuwa amekaa nje ya mlango. Ana miaka themanini na kitu, macho yameingia ukungu. Tuliweka sanduku kwenye mapaja yake na akina mama waliokuwa wameanza kulia wakanyamaza, wakingoja waone atafanya nini. Aliligusa pembe zote nne. Akalipima kwa mikono. "Alipozaliwa alikuwa mwepesi kuliko hivi," akasema. Halafu akaanza kuongea na Baba Mdogo kwa Kidawida, haraka, nikashika neno moja moja. Mdogo wangu akanitafsiria baadaye, yeye anakielewa kuniliko.

Watu wa Taita zamani walikuwa wakizika, kisha baada ya muda wanafukua kichwa na kukipeleka kwenye pango la ukoo, kikae kwenye mstari na vichwa vya wengine. Wamisheni walipokuja ikaachwa. Mapango bado yapo na mafuvu bado yamepangwa, watalii wanapelekwa kuyaona. Nyanya alikuwa akimwambia Baba Mdogo kwamba mama yake aliona kichwa cha babu yake kikitolewa, akiwa msichana mdogo, na kwamba hakuna aliyesema mzee aliiba kitu. Sijui kama hiyo ilikuwa ruhusa au alikuwa anajibu lile swali lake mwenyewe. Hakunieleza na sikuuliza.

Shida ya mwisho ilikuwa shimo. Vijana walikuwa wamechimba kaburi kamili, futi sita, kwa sababu hakuna aliyewaambia vinginevyo na walikuwa wameshakula. Ile shimo ukiiangalia, kisha ukiangalia sanduku mkononi mwa Baba Mdogo, unaona aibu bila kujua ya nani. Mchungaji akakohoa. Nyanya aliyeletwa kwenye kiti cha plastiki akauliza mbona kimya. Akaambiwa. "Rudisheni udongo," akasema. "Atapotea humo."

Wakarudisha hadi nusu. Tukangoja, jua la saa nane, koleo likienda. Kisha Baba Mdogo akapiga magoti akamweka kwa mikono yake, na mimi nikarusha udongo wangu na Mama wake.

Hatukukopa. Ilibaki hata pesa kidogo, tukamlipia Nyanya mabati ya jikoni.

Na kile chuma. Pale Kariokor walikuwa wametupa kwenye karatasi, kimeungua rangi ya samawati, skrubu nne zikiwa bado zimeshika. Hakuna padre aliyesema lolote kuhusu chuma. Mama alikiosha, akakikausha, akakiweka ndani ya mtungi wangu wa Kisii, ambao kwa hicho unatosha vizuri. Upo kwenye kabati la vyombo, kati ya birika na vikombe vya wageni. Wiki iliyopita jirani aliufungua akitafuta sukari.

"Hii ni nini, Mama?"

"Spea ya basi," Mama akasema, akamwonyesha sukari ilipo.